Steringi Mwanamke, Maneno Yaleyale

Mwezi ukiwa mkubwa, biashara yangu hapa Kirumba, Mwanza, inachangamka. Wavuvi wa dagaa wanategemea giza na taa. Mbalamwezi ikitanda ziwani, dagaa hawazifuati tena zile taa, basi mitumbwi inapandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, na vijana wanashuka mjini kutoka visiwani wakiwa na hela mfukoni na hawana la kufanya. Wengine huishia baa. Wengine huishia kwangu, kwenye kibanda cha gemu, nyuma kidogo ya barabara iendayo soko la dagaa la Mwaloni, mahali ambapo hata ukifumba macho pua itakwambia uko wapi.

Wengi huja kwa ajili ya mpira. Mpira ndio unaolipa pango: dakika chache tu, mmoja kafungwa, katoa hela, kainuka, kakaa mwingine. Lakini pale kwenye kona nina TV moja na PS3 kuukuu ambayo mpira haugusi. Hiyo ni ya gemu za stori, zile ambazo unamuunda mtu wako mwenyewe, unampandisha levo, unaongea na watu, unaamua nani apone na nani aachwe. Kibiashara ni hasara tupu. Mtu anakaa nusu siku, anaomba punguzo, halafu kesho yake anakuja kulalamika kwamba kuna mjinga kasevu juu ya safari yake. Nimeiacha pale kwa sababu mimi mwenyewe nazipenda, na kibanda ni changu.

Jambo ninalotaka kulisema linahusu skrini ya kwanza kabisa ya gemu hizo, ile inayouliza kabla hujafanya lolote: mwanaume au mwanamke?

Wateja wa ile kona karibu wote ni wanaume, na wengi wao wanachagua mwanamke. Ukiwauliza sababu wanajibu kwa kucheka: "Anti, kama nitaangalia mgongo wa mtu siku nzima, si bora uwe wa demu?" Nimelisikia jibu hilo hadi nimelichoka. Lakini yupo mmoja, kijana wa Kijita kutoka Ukerewe, viganja vyake vimechanwachanwa na kamba, ambaye hakunijibu hivyo. Anacheza gemu ya anga iitwayo Mass Effect, na steringi wake, Shepard, wa kike. Kiingereza hakimpandi sana, kwa hiyo mara nyingi mimi ndiye mkalimani, huku nahesabu chenji za watu wa mpira. Siku moja alisimamisha gemu akaniambia, "Anti, huyu mama anaongea kama tajiri wangu."

Kwa wasiokaa huku ziwani: tajiri ni mwenye chombo, yule anayemiliki mtumbwi, mashine na nyavu, na anayewalipa vijana. Tajiri wake ni mwanamke. Haongei sana. Akisema "mtatoka," wanatoka.

Nilifurahi kwa sababu kijana aligusa kitu ambacho nimekiwaza kwa miaka. Mass Effect ya kwanza ilitoka 2007. Kamanda Shepard ni askari wa anga, na unaamua mwenyewe kama ni mwanaume au mwanamke. Akiwa mwanaume anasemewa na Mark Meer, akiwa mwanamke anasemewa na Jennifer Hale. Maneno, ukiondoa sehemu chache za mapenzi na salamu, ni yaleyale. Waandishi waliandika askari mmoja, wakawapa watu wawili wamsome. Kilichotoka hapo ni mwanamke anayeingia ukumbini, mabalozi wa sayari nzima wanamgeukia, naye anatoa amri bila kuomba radhi kwanza. Hakuna anayemuuliza mume yuko wapi. Hakuna anayemwambia "ingawa wewe ni mwanamke." Hicho ndicho yule Mjita alichokisikia katika sauti ya Jennifer Hale, hata pale ambapo hakuelewa neno hata moja.

Kuna watu wanaoliita hilo udanganyifu. Wanasema huyo si mwanamke, ni mwanaume aliyebadilishiwa uso. Na kweli, kuna mahali kamba inaonekana. Katika gemu ya pili, ya 2010, lipo gauni jeusi unaloweza kumvalisha Shepard akiwa ndani ya chombo chake. Akikaa kwenye kochi na gauni lile, magoti yanakwenda kila moja upande wake, maana hata ukaaji waliuazima kutoka kwa yule wa kiume. Kibanda kizima huangua kicheko, na mimi nikiwemo. Bado nasema: afadhali nakala. Nitawaambia kwa nini.

Angalieni kilichotokea pale watu walipokaa chini wakasema, "Sasa tuandike mwanamke."

Mzazi wa gemu hizi zote ni mchezo wa mezani wa Marekani, Dungeons & Dragons, unaochezwa kwa karatasi na dadu. Katika kitabu cha wachezaji cha 1978 nguvu za binadamu zilihesabiwa hadi 18, na mpiganaji aliyefika hapo alirusha dadu tena apate asilimia ya kuongezea. Mwanaume aliweza kufika 18 na mia kamili. Mwanamke alisimamishwa kwenye 18 na hamsini. Dunia ile ina majoka yanayotema moto na makuhani wanaofufua wafu, lakini mwandishi alipofika kwa mwanamke mwenye rungu ndipo alipokumbuka sayansi. Laiti angekuja Mwaloni alfajiri akaona nani anatembea na beseni gani kichwani. Pool of Radiance, gemu ya kompyuta ya 1988, iliichukua kanuni hiyo ikaiingiza ilivyo. Toleo la pili la mchezo wa mezani, la 1989, likaifuta, na wala dunia ya majoka haikuporomoka.

Ugonjwa huo lakini ulichelewa kupona. Oblivion ya 2006, ambayo bado ninayo hapa na diski yake ina mikwaruzo kama imelimiwa, inampa mwanaume na mwanamke wa kabila moja namba tofauti za kuanzia. Ilipokuja iliyoifuata, Skyrim, mwaka 2011 namba zile zikaondolewa zote, na sijawahi kuona mteja akizililia.

Mimi mwenyewe nililelewa na Diablo, kwenye kompyuta ya binamu yangu, nakala ya nakala. Ile ya kwanza, mwisho wa 1996, ilikuwa na watu watatu wa kuchagua: mpiganaji wa upanga, mchawi na mpiga upinde. Mpiga upinde ndiye mwanamke. Nilimchukua bila kufikiri, kwa sababu sikuwa na wa kufikiria mwingine. Diablo II ya 2000 ikaleta watano, wawili wakiwa wanawake: mmoja wa upinde na mikuki, mwingine wa uchawi. Mwaka uliofuata wakaongeza wawili, na hapo ndipo akaja mwanamke wa kupigana uso kwa uso, kwa makucha ya chuma. Ukitaka mpiganaji wa ngao, shurti uwe mwanaume. Ukitaka kufufua mifupa, uwe mwanaume. Ilibidi tusubiri hadi Diablo III, 2012, ndipo kila kazi ikawa na mtu wa kiume na wa kike. Siku niliyomwona Barbarian wa kike kwa mara ya kwanza, mama mtu mzima mwenye mabega mapana na nywele nyekundu, nilikaa nikamtazama tu kwenye skrini ya kuchagua. Hakuwa ameandikwa kuwa "mwanamke wa kundi." Alipewa kazi ileile, shoka lilelile, namba zilezile. Nakala!

Wajapani, kwa haki yao, walikuwa na njia nyingine. Mwaka 1987 Sega walitoa Phantasy Star, na steringi wake ni msichana, Alis Landale, anayeshika upanga kwa sababu askari wa mfalme wamemuua kaka yake. Hukuulizwa uchague. Ukiwasha, wewe ni Alis, basi. Mmoja wa waliomchora alikuwa mwanamke, Rieko Kodama, na sidhani kama hilo ni bahati nasibu. Kisasi cha ndugu ni stori ya kawaida kabisa. Walimpa msichana stori ya kawaida, hawakumtafutia ya kike.

Sasa tuje kwenye gharama, maana ndiyo lugha ninayoielewa.

Mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft walikuwa wanatangaza gemu ya Assassin's Creed Unity, ambayo watu wanne wanacheza pamoja, wote wanaume. Walipoulizwa mwanamke yuko wapi, jibu likawa ni kazi: miondoko mara mbili, sauti mara mbili, nguo mara mbili. Mmoja wao akataja zaidi ya miondoko 8,000 ambayo ingepaswa kutengenezwa upya. Jonathan Cooper, mtaalamu wa miondoko aliyewahi kufanya kazi kwenye gemu hizohizo, akajibu hadharani kwamba kwa makadirio yake ni kazi ya siku moja au mbili. Sijui nani ana haki kati ya miondoko elfu nane na siku mbili, lakini ninajua kwamba fundi akikupa bei mbili zilizoachana namna hiyo, tatizo haliko kwenye bei.

Persona 3 nayo inaniuma hadi leo. Toleo lake la 2009 la PSP, kile kimashine cha mkononi, lilikuwa na steringi wa kike wa kuchagua, mwenye maongezi yake na marafiki wake. Mwaka 2024 wakaitengeneza upya kwa mashine za kisasa, picha za kung'aa, ikaitwa Persona 3 Reload, na msichana hayumo. Sababu waliyotoa ni muda na gharama. Sisemi wanadanganya. Mimi nanunua umeme kwa luku na najua kukata matumizi kunavyouma. Ninachouliza ni kwa nini kila bajeti ikibana, kisu kinaanzia palepale.

Halafu kuna Kassandra. Assassin's Creed Odyssey ya 2018 ni Ugiriki ya kale, na unachagua kati ya ndugu wawili, Alexios na Kassandra. Ukiwa na masikio huwezi kuchagua Alexios. Kassandra, kwa sauti ya Melissanthi Mahut, ana utani, ana hasira, analewa, anapigana, anadai malipo yake kwa wakati. Kwenye kava lakini yupo Alexios. Julai 2020 shirika la habari la Bloomberg liliripoti kwamba mwanzoni Kassandra alipangwa awe steringi peke yake, na watengenezaji wakaambiwa na wakubwa wao kwamba gemu yenye mwanamke peke yake haitauza. Na riwaya iliyotolewa pamoja na gemu inamfuata nani? Kassandra. Kwa hiyo hata wenyewe walijua hadithi ni ya nani. Walimficha tu kwenye rafu.

Mambo ya kava si madogo. Shepard kwenye makava ya Mass Effect mbili za kwanza alikuwa mwanaume, sura imeazimwa kwa mwanamitindo wa Kiholanzi, Mark Vanderloo. Mwaka 2011 BioWare, watengenezaji wake, wakasema kwamba asilimia 18 tu ya wachezaji walicheza na mwanamke. Ni asilimia ndogo, lakini hujamwonyesha mtu bidhaa, unashangaaje kwamba hakuiulizia? Gemu ya tatu, 2012, ikaja na kava la kugeuza: upande huu mwanaume, upande ule mwanamke. Zilipotolewa upya zote tatu pamoja mwaka 2021, takwimu za BioWare zikaonyesha asilimia 32. Kava ninalotundika mimi ukutani limegeuzwa upande wa mwanamke. Na hakuna mteja aliyewahi kutoka nje kwa sababu hiyo, ila mmoja aliuliza kama ni gemu ya kupika.

Nimesema afadhali nakala. Sasa niseme inapogonga mwamba, maana inagonga.

Hiyohiyo Odyssey ilitoa nyongeza ya kulipia. Katika sehemu yake ya pili, Januari 2019, steringi wako anatulia na mwenzi wa jinsia nyingine na kupata mtoto, upende usipende. Hata kama ulikuwa umecheza safari nzima ukiwa hutaki mwanaume yeyote, au hutaki mtoto kabisa. Wachezaji walikasirika, Ubisoft wakaomba radhi, wakabadilisha baadhi ya mambo. Magazeti mengi yalilizungumzia kama suala la uhuru wa kuchagua mapenzi, na ni kweli. Lakini mimi niliona kingine. Waliandika tukio moja, wakalitumia kwa wote wawili kama kawaida yao. Kwa Alexios, mtoto ni habari njema anayoletewa. Kwa Kassandra, mtoto ni miezi tisa ndani ya mwili wake, na gemu inaruka juu ya hiyo miezi kama mtu anavyoruka dimbwi. Upanga unaweza kunakiliwa. Amri inaweza kunakiliwa. Mimba hainakiliki.

Anayetaka kuona namna ya kufanya pale nakala inapogoma, acheze Dragon Age: Origins, ya 2009. Humo kuna mianzo sita ya kuchagua, na mmojawapo ni wa "elf" wa mjini, wale watu wa hadithi wenye masikio yaliyochongoka, wanaoishi kwenye mtaa uliozungushiwa ukuta, maskini, wanaodharauliwa. Siku ya harusi yako, Vaughan, mtoto wa bwana mkubwa wa mji, anaingia na genge lake na kuwachukua wanawake. Ukicheza mwanaume, mchumba wako anachukuliwa, nawe unajipenyeza kwenye kasri na upanga kumfuata. Ni hadithi tumeiona mara elfu. Ukicheza mwanamke, unazinduka ndani ya chumba kilichofungwa, ukiwa na wenzako. Mmoja anasali. Walinzi wanaingia. Binamu yako Soris anatokea mlangoni, anakutelezeshea upanga sakafuni, na kuanzia hapo ni kazi yako. Mchumba wako, Nelaros, kijana ambaye mmefahamiana asubuhi ileile, alikuja kukutafuta, na unamkuta wanamuua.

Kasri ni lilelile. Vyumba vilevile, walinzi walewale, namba zilezile za upanga. Walichoandika upya ni kipande kifupi cha mwanzo, basi, na hadithi nzima ikageuka uzito. Mwanaume anakwenda kuokoa, mwanamke anatoka. Sasa hapo ndipo pesa ya kuandika "mwanamke" inapaswa kwenda: pale ambapo jambo lilelile lingempata kwa namna nyingine, na sio kwenye matiti ya deraya. Msichana mmoja anayekuja mchana baada ya masomo alicheza kipande hicho kwenye kona yangu, na watu wa mpira waliacha mechi yao wakageuka kumtazama. Nilimwongezea muda bure. Usiseme kwa wenzio.

Nilitaka sana kuwaambia kwamba sisi Waafrika tumelimaliza hili. Nusu tu. Studio ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016, na nilipoiona niliruka: majengo, nguo, michoro, kila kitu kinatoka huku kwetu. Enzo Kori-Odan anapinduliwa siku ya kutawazwa kwake, na aliyempindua ni shemeji yake, Ngarba Evou. Enzo anazunguka dunia kutafuta nguvu za mababu ili arudishe kiti chake, na mkewe, Erine Evou, yuko naye safari nzima. Mke na mume wanaozungumza, wanaoshauriana, wanaotaniana; hicho peke yake ni adimu kwenye gemu za stori, ambako wanawake wengi hukutana na steringi ili wafe mapema.

Lakini hebu rudi kwenye majina. Msaliti ni Evou. Mke ni Evou. Ni kaka yake. Aliyechanwa katikati na hadithi hii ni Erine: upande huu mume, upande ule damu yake. Na unayemshika padi ukipigana ni Enzo. Nilipofika mahali fulani nikajikuta namwaza tajiri wa yule Mjita. Chombo ni chake, mashine ni yake, bei ya Mwaloni anaijua kabla mtumbwi haujagusa mchanga, na hasara ikija ni yake. Usiku hapandi. Ziko imani kwamba mwanamke akipanda mtumbwi wa kuvua, riziki inakimbia. Anabaki ufukweni na simu. Erine nilimwona hivyo, mwenye mali ya hadithi, amebaki ufukweni. Kiro'o wana kipaji kikubwa, na nasema haya kwa sababu nataka siku moja wanipe Erine.

Yapo mambo mengine ambayo siwezi kuyaacha yapite. Nywele, kwa mfano. Unapewa vitufe hamsini vya kurekebisha pua, lakini kichwa cha mwanamke mweusi kina afro moja, upara na rasta ambazo fundi wake hajawahi kugusa rasta. Nimetafuta twende kilioni kwenye gemu hadi nimekata tamaa. Mistari sita ya kwenda nyuma, jamani, si anga za mbali.

Na wasichana wa simu. Genshin Impact ilipoingia 2020, ikawa gemu ya stori ya kwanza kubwa ambayo baadhi yao waliweza kuicheza bila kuja kwangu, wale wenye simu ya kuibeba na bando la kuishusha. Mwanzoni unachagua mmoja kati ya mapacha, wa kike au wa kiume, na yule usiyemchagua anapotea, unakuja kukutana naye baadaye akiwa upande wa pili. Nilipenda sana ujanja huo, kwamba chaguo lako lina mtu linalomwacha nyuma. Wasichana ninaowajua huchukua yule wa kike. Lakini wakienda kwenye gemu za kuongea na watu mtandaoni, hao hao hujipa jina la kiume na kuzima maiki. Mmoja aliniambia, "Anti, wakijua tu, gemu inaisha, inaanza kutongozwa." Kwa hiyo unapoona takwimu za nani kacheza na nani, kumbuka kwamba baadhi ya wale wanaume ni binti wa form three wa Pasiansi anayetaka tu kumaliza misheni kwa amani.

Baldur's Gate 3 ya 2023 niliicheza Nyegezi, kwenye kompyuta ya ndugu yangu, maana mashine zangu haziwezi kuibeba. Humo mwili, sauti na namna watu watakavyokutaja unachagua kila kimoja peke yake, ukitaka vifanane, usitake visifanane. Elden Ring, ya mwaka mmoja kabla yake, inakuuliza tu mwili aina A au aina B. Kibandani mjadala wa hilo uliwahi kuwaka hadi mpira ukasimama, mmoja akisema dunia imeisha. Nilimuuliza yeye mwenyewe siku ile alikuwa anacheza kama nani. Alikuwa mjusi mwenye mkia. Tukaendelea.

Desemba 2024 walipotangaza kwamba gemu ya The Witcher 4 itakuwa na mwanamke, Ciri, kama steringi, simu yangu ilijaa sauti za wateja wakilia kwamba gemu imeharibiwa. Ciri huyohuyo waliyemchezea vipande kwenye ya tatu, 2015, wakipiga kelele za furaha akipotea hapa na kutokea pale. Sikuwajibu. Ikitoka watakuja, na watalipa.

Kwa wanaoniuliza kwenye simu: ndiyo, PS3 ya kona bado iko hai. Dragon Age: Origins imo, Skyrim imo, Mass Effect zote tatu zimo. Bei ni ya saa, na ukikaa mchana kutwa tutaelewana. Njoo kabla ya saa kumi jioni, baada ya hapo huwezi kusikia maongezi kwa kelele za magoli. Nimeweka daftari mezani: andika jina lako na namba ya sehemu uliyosevu. Na atakayesevu juu ya safari ya yule Mjita wakati yuko ziwani, nitamwacha amalizane naye mwenyewe.